Mwiko na Mashine

Sisi watu wa visiwani tukisikia neno mwiko, mawazo hutupeleka kwenye mambo mawili: chombo cha jikoni na jambo lililoharimishwa. Nilipokwenda kuwaamkia wakwe zangu Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, niliyakuta yote mawili uani.

Baba mkwe ni fundi wa miiko. Miaka yote niliyomjua alichonga kwa mkono: hulipasua gogo la mringaringa kwa shoka, akalitia umbo kwa tezo, kisha akalilainisha kwa kisu. Safari hii nilimkuta na grinda ya umeme, kofia imejaa vumbi, na miiko imelazwa mkekani kama samaki walioanikwa. Nilimwamkia, akaitikia, lakini uso wangu haukuficha kitu. Kwangu mimi niliyelelewa katika mashairi, kuchonga kwa mashine kulikuwa sawa na kumwachia mwingine akuhesabie mizani.

"Umenuna, mwanangu," akaniambia, kisha akaunyosha mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimekakamaa. "Tezo hauliwezi tena mkono huu. Bila mashine ningekaa kitako, ningoje kulishwa."

Nikaona haya, nikanyamaza.

Punde shemeji yangu akaleta vipande alivyovikata kwa msumeno wa umeme. Mzee akatwaa kimoja, akakitazama shingoni, akakikunja gotini, kikakatika. Nyuzi zilikuwa zimepita mshazari pale shingoni. Shoka hufuata nyuzi, kwani mti hupasuka upendako wenyewe. Msumeno hukata popote uelekezwapo. Kisu kikienda kinyume cha nyuzi hukwama, na mkono ukapata habari. Grinda haikwami, hupita ikinguruma. Mwiko wa namna hiyo hung'aa sokoni, ukavunjika ndani ya sufuria ya mtori.

Nikakumbuka kwamba mwaka 1996 hayati Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea na mwenyeji wa miteremko hiyo hiyo, alishirikiana na James Harris, Mmarekani mkerezaji wa mbao, kuanzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo. Mmoja aliujua mti ungali mche, mwingine aliujua ukiwa umefika kwenye mashine. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na chuma chenye kasi huumaliza kwa dakika. Kadiri mashine inavyokwenda mbio, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu anayeujua mti.

Lakini baba mkwe ujuzi wake aliupata kwa makovu, miaka na miaka, kabla umeme haujafika uani kwake. Mjukuu wake, ambaye hajawahi kushika tezo, ataupata wapi? Nilimwuliza mzee swali hilo. Hakunijibu. Akaichomoa waya ya grinda, akamwita kijana, akampa shoka na gogo.

"Mwiko kuiwasha kabla hujapasua," akamwambia.

Kijana alipasua vibaya mara mbili. Mara ya tatu gogo likafunguka sawasawa, naye akapitisha kidole taratibu juu ya nyuzi, kutoka kichwani, shingoni, hadi mwisho wa mpini. Mzee akamtazama akifanya hivyo, kisha akainama akairudisha waya mahali pake.