Osaka: mji uliotufunza kudhani wema

Tulipokuwa tukifunga mizigo jijini Dar es Salaam, bibi ya watoto alituletea khanga kuukuu iliyopauka, akasema ilikuwa ya mama yake na ilitoka Japani. "Mtaswalia juu yake," alituusia, "nayo ipate kuona kwao." Hakukosea sana. Baadhi ya khanga zilizovaliwa zamani katika pwani yetu zilichapwa Japani, na mji wa Osaka ulikuwa na viwanda vingi vya nguo hata ukapachikwa jina la Manchester ya Mashariki. Basi khanga ilikuwa ikirejea nyumbani. Wageni tulikuwa sisi: baba, mama, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka tisa.

Ndege hutua katika kisiwa kilichojengwa na binadamu kwa kujaza bahari, ambako uwanja wa Kansai ulifunguliwa mwaka 1994. Humo tulikuta chumba cha kuswalia, safi na kimya, tukakusanya na kufupisha swala zetu kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri. Kwetu Dar es Salaam kibla kipo kaskazini. Huko tulielekea magharibi, kwa kupinda kidogo upande wa kaskazini. Mdogo wetu akashangaa, "Kumbe Makka inahama?" Mama yake akamjibu, "Makka ipo pale pale, mwanangu. Tuliohama ni sisi."

Jioni tulishuka Dotonbori, kitovu cha pilikapilika za Osaka. Mtaa huo umefuata mfereji uliokamilika mwaka 1615 na kupewa jina la Doton, mtu aliyeanzisha kazi ya kuuchimba. Siku hizi maji yake hayaonekani rangi yake halisi kwa wingi wa taa zinazomulikia juu yake. Juu ya duka moja kaa mkubwa wa bandia huchezesha miguu. Ng'ambo ya daraja yupo mkimbiaji wa taa aliyeinua mikono, tangazo la kampuni ya peremende ya Glico. Tangazo hilo lilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na hili la leo ni la sita. Wenyeji wana neno lao, kuidaore, yaani kula mpaka ufilisike, na ukipita hapo utaamini kwamba hawatanii.

Miongoni mwa vyakula vyote, kimoja kilitushika pua: takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, vinavyogeuzwa kwa vijiti katika chuma chenye vishimo kama cha vitumbua. Sisi watu wa pwani, tena wafuasi wa Imamu Shafii, pweza hatuambiwi. Tukapanga foleni kwa furaha. Ilipofika zamu yetu, muuzaji, mzee mwenye kitambaa kichwani, alitazama hijabu za mama na binti, kisha akakunja mikono yake miwili kifuani mfano wa msalaba na kutikisa kichwa.

Binti yetu aliiva uso. "Twendeni," alisema huku akimshika mdogo wake mkono. "Hawatutaki kwa ajili ya mitandio yetu." Wala hatukumkanya. Tuliondoka na uchungu moyoni, na maneno tuliyosema kuhusu mzee yule na watu wake hatupendi kuyaandika hapa.

Hatukufika mbali. Kijana msaidizi wake alitukimbilia, kanyoosha simu inayotafsiri. Ilikuwa imeandikwa kwamba chuma chao hupakwa mafuta ya nguruwe, na kwa kuwa sisi ni Waislamu, mzee hawezi kutuuzia. Kijana akainama kuomba radhi, akarudi mbio kazini.

Tulisimama pale tukiwa hatuna la kusema. Sisi wenye dini tulikuwa tumelewa harufu ya pweza hata tukasahau kuuliza. Asiyekuwa wa dini yetu ndiye aliyekataa fedha zetu ili tusile haramu. Suratul Hujurat imetuonya juu ya kukithirisha dhana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Aya hiyo tumeihifadhi tangu madrasa, lakini usiku ule ndipo tulipoisoma kama inayotuhusu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ijapokuwa msafiri hana lazima ya Ijumaa, tulipanda treni kwenda Kobe, safari isiyofika nusu saa. Huko upo msikiti mkongwe kuliko yote Japani, wenye kuba na minara, uliojengwa kwa michango ya wafanyabiashara wa Kihindi na Waislamu wengine waliohamia huko, wakiwemo Watatari. Ulifunguliwa mwaka 1935, mwaka ule ule wa lile tangazo la mkimbiaji. Mabomu ya mwaka 1945 yaliuteketeza mji, msikiti ukabaki. Tetemeko la Januari 17, 1995 liliua watu zaidi ya 6,000, msikiti ukabaki. Waliouchangia hawakutujua wala hawakuota kwamba familia kutoka Tanzania ingekuja kusujudu humo. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea.

Binti yetu alitandika khanga ya bibi katika sehemu ya wanawake. Tulipotoka alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Yule mzee nimemdhulumu moyoni mwangu. Nitamtakaje radhi, naye hajui?"

Kabla ya kueleza jibu tulilolipata, tuwausie ndugu wasomaji watakaojaliwa kufika huko: ulizeni mapema. Mchuzi wa tambi mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Vyakula vingi hutiwa mirin, kiungo chenye pombe ya mchele. Na hata peremende za watoto huenda zikawa na jelatini ya nguruwe. Wali, samaki wa kuchoma kwa chumvi na matunda vilitutosha, na migahawa ya halali ipo kwa anayeitafuta.

Usiku wa mwisho tulirudi Dotonbori. Mzee alipotuona tu, akakunja tena mikono yake kifuani, akidhani tumesahau. Binti yetu akacheka, akamwekea mbele yake pakiti ya korosho tuliyotoka nayo nyumbani, akatamka neno pekee la Kijapani alilolijua: "Arigato." Mzee akaifungua mikono yake, akaipokea pakiti kwa mikono yote miwili, akainama. Binti naye akatikisa kichwa kwa heshima, mkono kifuani.

Mwenyezi Mungu atusamehe dhana zetu, na amlipe mzee yule kwa uongofu na kila la heri. Amin.