Ploti Haionekani Kutoka Ngong

Kutoka Kitengela kwenda Vilima vya Ngong si lazima upite Nairobi. Panda matatu hadi Isinya, ushike barabara ya Pipeline hadi Kiserian, uendelee hadi Ngong mjini, halafu bodaboda ikufikishe kwa geti ya msitu. Njia nzima hutoki Kajiado. Wasee wengi hawaamini, maana tumezoea kwamba kila safari lazima ianzie tao.

Nilienda Jumanne, siku isiyo na watu wengi wa kupiga picha. Jumapili yake Baba alikuwa amenipigia simu: amepata mteja wa ploti yetu, ile hamsini kwa mia, na pesa ikiingia anataka nirudi chuo. Nilitoka mwaka wa tatu karo ilipogoma. Tangu hapo naandika chochote kinacholipa: matangazo ya maduka, hotuba za harusi, makala ambazo malipo yake huja baada ya kukumbushana mara nne. "Fikiria," aliniambia, "unipe jibu Ijumaa."

Huko juu upepo haupumziki, ndiyo maana mitambo ya umeme imekuwa ikizunguka hapo tangu 1993. Kilele kirefu zaidi kina mita zipatazo 2,460. Ukisimama kwenye mgongo wa vilima, mashariki kuna Nairobi, maghorofa yamebanana kama viberiti. Magharibi ardhi inaporomoka hadi Bonde la Ufa, kavu, pana, na huwezi kusema inaishia wapi.

Mimi niliitafuta Kitengela, kusini-mashariki, ng'ambo ya mbuga ya wanyama. Niliona vumbi na mng'ao wa mabati. Ploti yetu haikuonekana. Hata mtaa wetu sikuutambua.

Nilikaa kwenye nyasi nikawaza jinsi kipande kile kilivyotufikia. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, kisha Laikipia, wakasukumwa huku kusini. Miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama na sehemu yake. Sehemu zikauzwa kwa ekari, ekari zikakatwa ploti. Mzee aliyemuuzia Baba alikuwa anatafuta karo ya mwanawe. Baba husimulia hiyo stori kila tukienda kukagua ua, na humtaja yule mzee kwa heshima. Kumbe ploti hiyo ilishauzwa kwa ajili ya masomo mara moja. Sasa zamu ilikuwa yangu.

Nikampigia.

"Baba, shikamoo. Usiuze."

"Na chuo je?"

"Chuo kitakuwepo. Ploti ikienda, imeenda."

Akanyamaza. "Huo upepo ni wa wapi?"

"Niko Ngong."

"Unafanya nini Ngong?"

"Naangalia tu."

"Haya. Tutaongea Ijumaa."

Ijumaa nilimpelekea karatasi. Nilikuwa nimeandika ninachopata kwa mwezi, kodi, nauli, na chini kabisa kiasi nitakachoweka kando kwa ajili ya karo. Kilikuwa kidogo, na hesabu yake ilifika miaka minne. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, palepale alipokuwa ameweka namba ya mteja.