Rula Moja na Maziwa ya Asubuhi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Leo nawaletea hisabati, lakini msikimbie, kuna maziwa ndani yake.

Mnakumbuka fankisheni za shuleni? Kila x ina y moja tu, haina mbili. Kuipima kwa grafu ni rahisi: simamisha rula wima juu ya karatasi, uisogeze polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ikigusa mstari mahali pawili kwa wakati mmoja, hiyo si fankisheni. Swali hilo nililipata kwenye mtihani, nikalisahau. Likanifuata kazini.

Nilikuwa nimeandikia chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, upande wa Bahati, programu ya kuhesabu maziwa. Karani anaingiza namba ya mfugaji, tarehe na kilo, na mwisho wa mwezi programu inatoa malipo. Nilichojivunia zaidi ni ukurasa wa grafu: kila mfugaji na mstari wake, nukta moja kwa kila siku. Safi kabisa.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, shosho mmoja alikuja na daftari lake.

"Kijana, hii mashine yako inakunywa maziwa?"

Daftari lilisema kilo 312. Programu ilisema 121. Nikamfungulia grafu yake. "Angalia, shosho, hakuna siku hata moja imerukwa."

Akaangalia kwa makini. "Sasa ya asubuhi iko wapi? Mimi hukama mara mbili."

Nilihisi jasho. Nikaomba daftari na karatasi ya grafu, nikaweka nukta kwa mkono: tarehe chini, kilo kando. Juu ya kila tarehe zikatokea nukta mbili, ya asubuhi na ya jioni. Sikuhitaji hata kuisogeza rula. Popote nilipoiweka iligusa mbili.

Kosa lilikuwa langu. Jedwali nililotengeneza lilikuwa na ufunguo wa namba ya mfugaji na tarehe. Ufunguo mmoja, thamani moja. Karani alipoingiza kilo za jioni, zilikalia mahali pa zile za asubuhi, kimya kimya. Kwenye majaribio sikuliona kwa sababu wafugaji niliowatumia walikuwa wakileta maziwa asubuhi tu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: grafu ya programu ilipita kipimo cha rula vizuri sana. Ingekosaje kupita? Programu ilikuwa imeshatupa nukta ya pili kabla ya kuchora. Rula inapaswa kuwekwa juu ya data ya daftari, kabla programu haijaigusa.

Kama bado haijakaa sawa kichwani, tazameni Nakuru yetu. Chukua ramani, ufuate kwa kalamu ukingo wa kaldera ya Menengai. Rula ikisimama katikati inakata ukingo huo upande wa kusini na tena upande wa kaskazini. Ukingo mzima si fankisheni, na ukiuweka kwenye jedwali la "kila x, y moja" utapoteza nusu ya mlima.

Sasa chora kina cha Ziwa Nakuru mwaka hadi mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka; kuanzia 2010 hivi likapanda hadi likameza lango kuu la hifadhi. Mstari unashuka na kupanda, lakini kila wakati una kina kimoja tu. Hiyo ni fankisheni. Ila usiigeuze ukauliza, "Kina hiki kilikuwa lini?" Majibu yanaweza kuwa mengi. Kupita upande mmoja si kupita pande zote.

Dawa ni mbili. Unaweza kuugawa mstari: ukingo wa kusini peke yake na wa kaskazini peke yake, maziwa ya asubuhi peke yake na ya jioni peke yake. Au unabadilisha swali: jumla ya siku nzima ni moja tu kwa kila tarehe. Mimi nilitumia zote mbili. Ufunguo sasa ni mfugaji, tarehe na zamu, na grafu inaonyesha mistari miwili na jumla yake.

Karani aliingiza upya maziwa ya asubuhi ya mwezi mzima kutoka kwenye madaftari, nami nikakaa naye nikisoma namba kwa sauti. Tofauti ililipwa pamoja na malipo ya mwezi uliofuata. Shosho alihesabu noti zake mara mbili mbele yangu, nami sikumlaumu.

Siku hizi kabla ya kuandika jedwali lolote naomba daftari la mtu, karatasi ya grafu na rula. Haya, tuonane tena.