Zamu ya Mchana na Shule ya Mazoezi

Wazee wenzangu tunapokutana barazani, mazungumzo huanzia kwenye magoti, yakapita kwenye pensheni, yakaishia kwa wajukuu. Mimi ninalo jambo la nne, nalo huwachosha: kompyuta. Nilikabidhi ofisi ya mkuu wa chuo cha ualimu mwaka 2010, na tangu siku hiyo sina kengele ya kunihimiza wala wajumbe wa bodi wa kuwangojea. Nafasi hiyo imejazwa na mashine. Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa uzeeni. Nawaacha waseme, maana bao nalo lina wagonjwa wake.

Jambo lililonishughulisha kwa miezi kadhaa ni hili. Kompyuta yangu hutumia Linux, lakini nina kazi moja ambayo haifanyiki vizuri ila ndani ya Windows. Je, niiweke mifumo yote miwili katika diski moja, kila mmoja ushike kompyuta kwa zamu yake? Au Linux iwe mwenye nyumba, na Windows iishi ndani yake katika kile wanachokiita mashine pepe?

Kwa msomaji ambaye hajapata kuisikia, Linux ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Uliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, na hauuzwi. Kila atakaye huuchukua, akautumia na hata kuurekebisha. Kwetu Tanzania si mgeni kabisa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Nilifurahi sana siku nilipoona neno "Hariri" limeandikwa juu ya skrini mahali lilipokuwa neno la Kiingereza.

Mimi nilihamia Linux kwa sababu ya uchumi. Kompyuta yangu ni ya mwaka 2016. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai prosesa mpya zaidi pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Mashine yangu haikustahili. Imefaulu kazi zake zote, imekosa sifa ya kujiunga! Mjukuu wangu akaniwekea Linux, na siku ya tatu nilikuwa nimekwisha kuizoea.

Ikabaki kazi ile moja. Marehemu mke wangu alikuwa Mbondei wa Muheza. Mimi si Mbondei. Niliingia katika lugha ile kwa mlango wa ndoa, na mashemeji hawajaacha kunicheka. Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa akikusanya maneno ya Kibondei kutoka kwa mama yake na shangazi zake: majina ya ndizi na mihogo, ya sehemu za nyumba za zamani, ya magonjwa ya watoto, ya namna za kutembea. Aliyaandika kwenye kadi, kadi akazitia katika boksi la viatu. Baadaye binti yetu alimfundisha kutumia programu ya shirika la SIL inayotumiwa na wataalamu wa kamusi. Zamani iliitwa Shoebox, yaani boksi la viatu, kwa kuwa wataalamu hao nao walikuwa wakitunza kadi zao humo. Mke wangu aliposikia maana ya jina hilo alicheka mpaka akatoa machozi. Siku hizi inaitwa Toolbox, na imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Huyapanga maneno, huyapekua, kisha huyakabidhi kwa Word yapangwe katika kurasa za safu mbili kama kamusi yoyote.

Mwaka 2013 kompyuta yake ya mezani iliugua. Ilipelekwa kwa fundi mmoja mjini, naye akairudisha baada ya siku mbili ikiwa nzima na safi. Safi kweli kweli: alikuwa ameifuta diski yote na kuweka Windows upya, bila kuuliza kama kuna kitu ndani. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi sita nyuma. Mke wangu hakumgombeza mtu. Alikaa mezani, akafungua boksi la viatu, akaanza tena kuziingiza kadi za miezi hiyo sita, moja moja. Ilimchukua muda wote wa masika. Yalikuwapo maneno ambayo hakuwa ameyatia katika kadi, aliyaandika moja kwa moja kwenye kompyuta baada ya kuyasikia kwa shangazi yake mkubwa. Shangazi huyo alikuwa ameshafariki. Maneno yale mke wangu alisema atayakumbuka, na baadhi aliyakumbuka kweli.

Yeye mwenyewe alitutoka mwaka 2021, akiacha maneno elfu nne na ushei. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kuweka mifumo miwili kunahitaji "kuigawa diski tu kidogo", damu yangu haikuenda vizuri.

Wakili wa kuigawa diski alikuwa mjukuu wangu. Yeye huhariri picha za video za harusi, na kompyuta yake ina Windows upande mmoja na Linux upande wa pili. Ukiiwasha, orodha hutokea, unachagua.

"Babu," aliniambia, "kwa nini uibane Windows chumbani wakati unaweza kuipa nyumba nzima?"

Hoja yake ina uzito, nami sitaki kuipunja. Mfumo unaowashwa kwa zamu yake hupata prosesa yote, kumbukumbu yote na kadi ya picha yote. Kwa video, michezo na michoro mikubwa, hakuna kinachoshinda hilo. Na mwenye kompyuta yenye gigabaiti nne tu za kumbukumbu asihangaike na mashine pepe, atapata mifumo miwili inayojikokota.

Niliiomba kompyuta yake kwa majuma mawili, nikiwa na nakala ya kamusi ya kujaribia tu. Ikanirudisha miaka ya sabini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, tulipokuwa tukikimbizana na Elimu ya Msingi kwa Wote, nilifundisha katika shule iliyokuwa na zamu mbili, asubuhi na mchana, katika vyumba vilevile. Anayejua shule za namna hiyo anajua kwamba matatizo hayatoki ndani ya zamu, hutoka katika makabidhiano. Wa mchana hukuta ubao haujafutwa, chaki zimekwisha, madawati yamegeuzwa.

Ndivyo ilivyo hapa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ikizimwa huwa haizimiki kabisa. Hujiwekea mambo yake kwenye diski ili kesho iamke haraka. Linux ikiingia kwa zamu yake hukuta upande ule wa diski kama madaftari yaliyoachwa wazi juu ya madawati na onyo "msiguse": huweza kusoma, lakini kuandika hukataa. Dawa ipo, ni kuizima desturi hiyo katika Windows, ila sharti kwanza mtu ajue kwamba ipo.

Halafu kuna saa. Hili lilinifurahisha kama fumbo na kunitisha kama mlezi wa kamusi. Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata umeme ukizimwa. Kwa kawaida Linux huiwekea saa ya dunia, ile ya UTC, kisha yenyewe hujumlisha saa tatu zetu za Afrika Mashariki. Windows huiangalia saa hiyohiyo na kudhani ni saa ya hapa nyumbani. Kwa hiyo ukitoka Linux saa nne asubuhi, Windows hukuambia ni saa moja asubuhi, mpaka itakapojisahihisha kwenye mtandao, na mimi mtandao huwa sina kila siku. Mtu atasema saa tatu ni nini kwa mstaafu? Lakini faili nililolihariri saa hiyo hupigwa muhuri wa saa tatu nyuma. Likilinganishwa na nakala niliyoitoa Linux saa moja kabla yake, jipya huonekana kuukuu, na programu ya kunakili iliyoagizwa ichukue lililo jipya italiruka. Ndivyo kazi ya asubuhi nzima inavyoweza kupotea bila mtu yeyote kukosa adabu. Hili nalo lina dawa: Linux huweza kuagizwa kufuata saa ya nyumbani. Ila nilikuwa nimeanza kuzihesabu dawa.

Na yapo yasiyomngoja mtumiaji. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sahihisho la usalama ambalo, katika baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili, liliizuia Linux isiwake kabisa. Watu waliamka wakakuta mlango wa zamu ya pili umepigwa kufuli na wa zamu ya kwanza.

Wakili wa upande wa pili alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkufunzi wa TEHAMA. Alipokuja kunijulia hali hakuanza kwa hoja, alianza kwa maswali, kama tulivyomfundisha.

"Mwalimu, marehemu Mama aliacha maneno mangapi?"

"Elfu nne na ushei."

"Nakala ziko wapi?"

"Humu ndani, na kwenye flashi moja."

"Basi tusichague chochote leo. Leo tunatoa nakala."

Tulitoa tatu. Moja iko kwa shemeji yangu Muheza, ndani ya sanduku la nguo. Ndipo akanieleza mashine pepe, nami katikati ya maelezo nikamkatiza: "Unaniambia habari za shule ya mazoezi!"

Waliopita vyuo vya ualimu watanielewa mara moja. Ndani ya uwanja wa chuo huwamo shule ya msingi ambamo wanachuo hujifunzia kufundisha. Ina mwalimu mkuu wake, kengele yake na daftari lake la mahudhurio, lakini maji, umeme na uzio ni vya chuo. Mashine pepe ndiyo hivyo. Programu kama VirtualBox huigizia Windows kompyuta nzima. Windows hudhani ina diski, kumbe diski hiyo ni faili moja kubwa ndani ya Linux. Hudhani ina kadi ya mtandao, kumbe kadi hiyo ni programu. Wazo hili si la jana. IBM walikuwa nalo katika miaka ya sitini, na mwaka 1972 waliliuza katika mashine zao kubwa kwa jina la VM/370. Kompyuta zetu ndogo zililipokea vizuri zaidi Intel ilipoliwekea msaada ndani ya prosesa mwaka 2005 na AMD mwaka 2006. Katika mashine nyingi msaada huo huja umezimwa, na huwashwa katika mipangilio ya mwanzo kabla mfumo wowote haujaamka. Yangu ilikuwa hivyo.

Shule ya mazoezi hula ghala la chuo, hilo sharti likubaliwe. Kumbukumbu yangu ni gigabaiti nane, nikaigawia Windows mbili. Inatosha, kwa kuwa niliyoiweka humo ni Windows 7, diski halali ambayo mke wangu aliinunua baada ya mkasa wa mwaka 2013. Leseni iliyokuja na kompyuta yangu isingefaa kwa urahisi, maana ndani ya mashine pepe Windows huona iko kwenye kompyuta nyingine. Windows 7 iliachwa bila msaada tangu Januari 2020 na si ya kutembeza kwenye intaneti, nami nimeichomolea mtandao. Haina barua, haina benki, haina habari za dunia. Inajua Kibondei tu.

Kilichonipa uamuzi hasa ni umeme. Kuigawa diski yenye vitu ndani ni upasuaji, na kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi. Betri ya kompyuta yangu imechoka, haimalizi nusu saa. Mashine pepe haikukata kitu. Ilizaa faili, na faili likiharibika nalifuta na kuweka jingine. Maneno yenyewe sikuyaweka humo. Yako upande wa Linux katika folda ya pamoja ambayo Windows huruhusiwa kuifungua, na kila usiku hunakiliwa. Nilipoyafungua kwa programu ya kawaida ya maandishi niligundua jambo lililonituliza zaidi ya yote: Toolbox huyatunza kama maandishi matupu, kila mstari ukianza na mshazari na herufi mbili tatu, \lx kwa neno, \ps kwa aina yake. Programu ikifa leo, maneno yatasomeka.

Mjukuu wangu bado anaona nimeonea Windows. Kwa video zake ana haki, na sijamshauri abadilishe. Mwanzoni alinicheka kwamba jioni sizimi mashine pepe, naiagiza tu ihifadhi hali yake. Kesho yake naikuta palepale, kishale kimesimama kwenye neno nililoachia.

Jumamosi shemeji huja na miwani yake. Tumekwisha kupitia herufi A mpaka L, na kurasa zake nimezichapa. Anasoma kwa sauti, anatia alama kwa kalamu nyekundu, mara nyingine anakataa maana aliyoiandika dada yake na wanabishana, yeye peke yake, kwa dakika kumi. Juma lililopita alileta maneno matatu yaliyokuwa katika yale ya mwaka 2013. Ameyakumbuka akichuma machungwa. Nimeyaingiza chini ya jina la shangazi yao, na herufi M tunaianza Jumamosi hii.