Siku ya tatu mpe jembe



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mwenzetu alituuliza: "Walimu, binti yangu anasoma chuo kule Uvira. Wenzake wanataka awe shefu wa promosheni. Nimkataze? Nilimtuma kusoma, si kutumikia watu." Tunajibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Sisi ni walimu wawili tuliosomea ualimu Uvira. Mwaka wa kwanza tulilipa minervali, tukaandika masomo, tukarudi kwa mama aliyetupangisha chumba Mulongwe. Tulihesabu tu siku zilizobaki.

Mwaka wa pili tulichaguliwa, mmoja shefu wa promosheni, mwingine mtunza michango. Ikawa kazi yetu kujua nani amefiwa, nani anaumwa, nani tumsindikize kuomba alipe kidogo kidogo. Jumamosi tulifanya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo wazazi wetu waliijua tangu wakati wa Mobutu. Tulizibua mitaro pamoja na wenye mtaa. Hakuna aliyetulipa, lakini tangu hapo tulianza kusema "chuo chetu".

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika. Watu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka. Masomo yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya Korona, na sisi tulikuwa tumemaliza zamani. Hata hivyo simu zilianza kuita. Wale tuliofanya nao salongo walichanga unga wa muhogo, sabuni na nguo. Wengine walikwenda na majembe kutoa matope nyumbani kwa yule mama wa chumba. Wenzetu wengine wa darasa hatukuwa hata na namba zao. Si watu wabaya. Hakuna aliyewahi kuwakabidhi kitu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani ni kumchosha mgeni. Sisi tuliona ndivyo anavyoacha kuwa mgeni.

Hatufichi upande wa pili. Mwaka ule wa uongozi mmoja wetu alianguka kozi mbili, akarudi sesheni ya pili, na baba yake hakusema naye likizo nzima. Kwa hiyo, mama, mruhusu binti, lakini umpe masharti. Pesa za wenzake ziandikwe kwenye daftari, na mtu wa pili atie saini. Mikutano iishe kabla jua halijazama. Mitihani ikikaribia, msaidizi wake ashike kazi.

Akija likizo, apite kwetu. Daftari letu la michango bado tunalo, na matope ya Uvira yako kwenye jalada lake.