Moshi Mweupe, Moshi Mweusi na Moshi Usio na Kivumishi

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tunazieleza kwa kuunganisha: ya kijani, ya njano, ya buluu, ya samawati. Nililifundisha jambo hili kidato cha kwanza kwa miaka mingi, somo la dakika arobaini na zoezi la sentensi kumi, wala sikutarajia kwamba siku moja lingeamua kama injini ya gari la dada yangu ishushwe au isishushwe.

Gari lenyewe ni la dizeli, lile umbo ambalo watu huliita kipanya. Hubeba machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini na kurudi na bidhaa za maduka. Dada ni mjane, na gari hilo ndilo linalomsomesha mtoto wake wa mwisho. Mwaka jana lilianza kuwaka kwa taabu asubuhi, likitetemeka kama mgonjwa wa malaria na kufuka moshi uwanja mzima. Fundi wa kwanza alilitazama kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai, akakata shauri: "Moshi wa buluu huu. Ringi zimekwisha. Tushushe injini." Gharama aliyoitaja ilizidi karo ya mwaka.

"Mbona mimi nauona mweupe, kaka?" dada akaniuliza pembeni.

"Ni wa buluu, mwalimu," dereva akasisitiza, "ila buluu ya mbali."

Msomaji asidhani kwamba tulikuwa tukibishania urembo. Katika injini ya dizeli rangi ya moshi ni ushahidi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli zinachuruzika badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, imepenya kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za valvu. Moshi mweupe ni dizeli iliyopita bila kuwaka, au ni mvuke wa maji yanayovuja kwenye gasketi ya silinda hedi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa dizeli ni kinyume, kwani moshi mwingi ni dalili kwamba moto umepungukiwa na kitu. Injini hii haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa mpaka kufikia takriban sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Ndivyo alivyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, na ambaye jina lake leo tunalinunua kwa lita. Hewa isipobanwa sawasawa, hakuna joto. Pasipo joto, dizeli hutoka ilivyoingia.

Tukaenda kwa fundi wa pili, mzee mmoja wa pale Tanga. Huyu hakuanza na rangi. Alimuuliza dereva: "Unatoka muda wote, au hutoka asubuhi tu?" Nilifurahi moyoni, maana hapo palikuwa na -na- na hu- zikifanya kazi ambayo vitabu vya sarufi huzipa kwa mifano ya kupika na kulima. Jibu lilikuwa: hutoka asubuhi, dakika mbili tatu, kisha hukoma, mlimani na mzigo, hamna. Akatuambia tulilaze gari kwake. Alfajiri akaliwasha, akaniita nyuma. "Nusa, mwalimu." Macho yaliniwasha, na harufu ilikuwa ya dizeli mbichi. Oili iliyoungua, alisema, hunuka kama kikaango kilichosahauliwa motoni. Maji ya rejeta hayakuwa yamepungua. Basi dada aliona sawa: mweupe.

Akapima mbano wa kila silinda. Tatu zililingana, ya tatu kutoka mbele ilikuwa chini. Kabla ya kugusa chochote kingine akafungua kifuniko cha juu, akaingiza vibamba vyembamba vya kupimia mwanya wa valvu. (Kamusi zinataka tuseme "vali", gereji husema "valvu", nami nikiwa gereji husema kama wao.) Valvu ya ekzosi ya silinda ile ilipaswa kuwa na mwanya unaokaribia nusu milimita. Haukuingia hata ule mwembamba kuliko vyote. Kitako cha valvu kilikuwa kimelika kwa miaka, valvu ikazama, mwanya ukafa, na sasa haikuwa ikifunga sawasawa. Mwanya ukizidi, valvu hugonga na kila mtu husikia. Ukipungua, kimya, gesi ya moto hupita ukingoni mpaka valvu iungue. Washairi tunaojua kituo kati ya ukwapi na utao hatuhitaji kuelezwa sana.

Aliuseti mwanya, akapima tena. Mbano ulipanda, ingawa haukuzifikia zile nyingine. Moshi wa alfajiri sasa haumalizi nusu dakika, na gari haliteteme­ki.

Lakini dereva naye hakukosea macho. Gari likisimama likinguruma muda mrefu, kisha likakanyagwa, hutoka wingu jepesi ambalo kweli si jeupe. Ni oili inayoteremka kwenye shina la valvu, kwa kuwa sili zake za mpira zimekauka. Fundi alipoliona alisema "ndiyo hiyo buluu yenu ya mbali," na hakucheka. Neno hilo nimelitafuta katika kamusi zangu bila kulipata. Naliona bora kuliko samawati, ambalo lina mbingu ndani yake na halifai kitu kichafu.

Sili tumeziagiza. Zitabadilishwa msimu wa machungwa ukiisha, na hadi hapo dereva huangalia kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.