Safari Ndefu ya Baba Mwenye Baiskeli

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maneno hayo huyafahamu vema mke wa askari, ambaye humfungia mumewe sanduku usiku, kisha huanza kuihesabu miezi. Askari naye huyafahamu, hasa zamu inapokuwa ndefu na barua zimechelewa. Kwa sababu hiyo kisa cha Kazimierz Nowak, mtu wa Poland, hakitakuwa kigeni katika nyumba za namna hiyo, ijapokuwa yeye hakutumwa vitani wala kulinda mpaka.

Nowak alizaliwa mwaka 1897, akaoa, akajaliwa watoto wawili. Shida ya uchumi ilipoienea dunia, kazi zikawa adimu. Mwezi wa Novemba 1931 aliagana na mkewe Maria na watoto wao, akapanda gari la moshi hadi Roma, kisha meli mpaka Tripoli, akiwa na baiskeli yake kuukuu. Kusudi lake lilikuwa kuivuka Afrika peke yake, kutoka kaskazini hadi kusini, akiandika habari na kupiga picha ili magazeti yazinunue, na fedha ziwafikie walioachwa nyumbani.

Kutoka pwani na jangwa la Libya aliingia Misri, akaufuata mto Nile hadi Sudan. Akapita Uganda, Rwanda na Urundi, Kongo na Rhodesia, akikanyaga pedali pale njia ilipokubali, na akiisukuma baiskeli pale mchanga au tope lilipokataa. Katika maandishi yake hakuuficha ubaya wa utawala wa kikoloni aliouona. Mwaka 1934 alifika Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara hili.

Hapo mtu mwingine angalipanda meli, akarejea kwao. Nowak aligeuka, akaanza safari ya kurudi kwa njia nyingine. Baiskeli ilipomshinda alipanda farasi; kwenye mito ya Angola na Kongo alipiga kasia mtumbwini; Sahara aliivuka juu ya ngamia; na mara nyingi alikwenda kwa miguu. Alifika Algiers mwezi wa Novemba 1936, baada ya kusafiri kilometa zipatazo 40,000 katika muda wa miaka mitano.

Ni sifa kubwa, na watu humsifu kwa haki. Lakini katika hesabu hiyo ya kilometa kuna hesabu nyingine isiyoandikwa. Mtoto aliyeachwa akijifunza kusoma, baada ya miaka mitano huweza kumwandikia baba yake barua nzima. Mama huwa baba na mama kwa pamoja. Je, Nowak aliwatupa watu wake? La, kwani aliondoka kwa ajili ya riziki yao, na kalamu yake haikukoma kumwandikia Maria. Je, aliwapa yote waliyoyahitaji? Hilo nalo ni vigumu kulikubali.

Malaria ilikuwa imeudhoofisha mwili wake. Mnamo Oktoba 1937, kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu arudi, alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 40. Waliomngoja miaka mitano hawakukaa naye hata mwaka.

Yaliyobaki yalikuwa picha na maandishi yake, ambayo mwaka 2000 yalikusanywa kuwa kitabu huko Poland. Barua haiwezi kukaa mezani wakati wa chakula, wala haimbebi mtoto mgonjwa usiku. Hata hivyo, katika nyumba inayongoja, barua ndiyo kiti cha asiyekuwepo. Basi aliye mbali na asiingoje likizo ndipo aseme aliyonayo moyoni. Na aliyerudi salama avue viatu, aketi, awasikilize watoto wake. Marejeo ni ngamani, lakini hakuna ajuaye atakaa humo siku ngapi.